Kuku Niliyempokea Kaburini

Jumapili, Septemba 1985.
Nyumbani, kusini mwa Ushirombo.

Leo kumekucha na vumbi. Upepo wa kiangazi umevuma tangu alfajiri, majani ya mihogo yamekuwa na rangi ya matofali, na hata maji ya mtungini yana ladha ya udongo. Nilikuwa nimejiahidi kuandika leo sura ya mwisho ya riwaya yangu. Sijaandika hata sentensi moja. Naandika hapa badala yake, kwa sababu hapa hakuna wa kunipigia makofi.

Makofi ndiyo yaliyoniponza.

Riwaya hiyo nilianza kuiandika chuo kikuu, mwaka aliofariki baba. Inahusu nchi isiyokuwapo, yenye majeshi, mizimu, na jua lililofungiwa pangoni. Mtawala wake ni Mtemi Nzala, jina ambalo kwa Kisukuma chetu maana yake ni njaa. Utotoni alishuhudia ndugu zake wakifa kwa njaa milangoni mwa matajiri, akaapa kwamba hatanyimwa kitu tena maishani. Alipokua akafanya agano na dubwana linaloishi chini ya kilima: dubwana limpe nguvu, yeye alilipe kwa wafu. Ndiyo maana akapiga marufuku makaburi. Kila anayekufa katika nchi ya Nzala hupelekwa kilimani, na hakuna jembe linaloruhusiwa kugusa ardhi kwa ajili ya maiti.

Wenzangu wa bwenini niliowasomea sura za mwanzo walisema ninacho kipaji. Mmoja alinihoji kwa nini nimempa mwovu utoto wa machozi. Kumweleza mwovu, alisema, ni nusu ya kumsamehe. Nilimjibu kwa madaha kwamba mwovu asiye na sababu ni kinyago, na kinyago hakimtishi mtu mzima. Nikajiona nimeshinda hoja.

Sikumwambia kwamba Mtemi Nzala namfahamu. Anaishi ng'ambo ya kijito, ana ng'ombe wengi na baiskeli moja, na jina lake ni Mzee Maganga.

Sababu yake pia naifahamu. Kabla ya kijiji kuunda walinzi wake wa jadi, wezi wa mifugo waliingia zizini kwake usiku. Yowe likapigwa. Majirani walilisikia, wakajifunika blanketi. Asubuhi ndugu yake mdogo alikutwa ameanguka langoni na mkuki mgongoni. Kwa hiyo walinzi walipoundwa, na Maganga akawekwa kuwa mkuu wao, alitunga sheria moja juu ya zote: yowe likipigwa, kila mtu atoke. Asiyetoka atoe ng'ombe mmoja. Asiyetoa ng'ombe atengwe. Asipewe moto wala maji kisimani, asiamkiwe, na kwake pakitokea msiba pasikanyagwe.

Sitaandika uongo katika shajara yangu mwenyewe. Sheria ile ilileta amani. Ng'ombe wanalala, na watu wanalala. Baba yangu mwenyewe aliinyoshea mkono siku ilipopitishwa.

Kisha yowe likapigwa wakati baba yumo kitandani, homa imempanda, anatapika damu, na mama amemshikilia kichwa. Mama hakutoka. Walinzi walipokuja kudai ng'ombe, aliwajibu maneno ambayo shangazi alinisimulia baadaye: "Ng'ombe wa nini? Wa kumshika mume wangu kichwa? Huyo sitoi." Maganga alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona mgonjwa kwa macho yake. Akasema sheria ikianza kuchagua, yowe halitakuwa na maana tena.

Nyumba yetu ikatengwa, na baba akafa ikiwa imetengwa.

Mimi nilikuwa Dar es Salaam na mitihani yangu. Simu ya maandishi ilinifikia baba akiwa ameshazikwa. Aliyemzika ni mama, pamoja na shangazi yangu, dada yake baba, aliyesafiri kutoka Maganzo. Ardhi ya kiangazi huku ni kama saruji. Wanawake wale wawili walichota maji mtoni, kwa kuwa kisimani walikatazwa, wakayamwaga jioni ili udongo ulainike, na asubuhi wakachimba. Walichimba hadi kufika magotini. Zaidi ya hapo hawakuweza. Wakamlaza, wakafukia, wakarundika mawe juu kwa ajili ya fisi.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni wa huku hatalijua nisipolisema. Ukoo wetu na ukoo wa Maganga ni watani tangu enzi za mababu. Mtani huku kwetu kazi yake si mizaha tu. Ukifiwa, mtani ndiye mchimba kaburi wako. Anakutukana, anachukua sufuria yako, analala ndani ya shimo na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na katika hayo yote anakufuta machozi. Haki ya kumchimbia baba yangu ilikuwa ya watu wa Maganga, na ilikuwa deni lao. Mtu aliyeagiza jembe lisiguse ardhi ndiye aliyepaswa kulishika.

Baada ya msiba ule, hakuna aliyetangaza kwamba tumesamehewa. Siku moja watu walianza tu kutuamkia. "Mwangaluka, Mama Nkwabi." Kana kwamba mvua ilikuwa imenyesha ikakatika.

Namchukia Maganga. Naliandika neno hilo kwa hati nzuri ili lisomeke. Kwa miaka mitatu nimemuua kwa namna tofauti katika riwaya yangu. Nimemtupa kilimani, nimemchoma kwa jua lililofunguliwa pangoni, na kuna rasimu ambamo dubwana linamtafuna polepole huku likimsomea majina ya waliokufa. Hakuna kifo kati ya hivyo kilichonishibisha. Nilidhani tatizo ni la kisanaa. Nilidhani sijapata picha inayofaa.

Alhamisi usiku alifariki mama yake Maganga, bibi mkongwe aliyekuwa hatambui tena watoto wake. Na mimi nikaona picha inayofaa imenijia yenyewe.

Nilifikiri hivi. Nikimshitaki Maganga barazani, nitaambiwa mimi ni kijana, kisomo kimenipanda kichwani, mambo yamepita. Lakini mtani msibani hazuiwi na mtu. Hata mkuu wa walinzi hana mamlaka juu ya mdomo wa mtani kaburini. Nitaingia shimoni. Nitaisimulia hadithi ya Mtemi Nzala mbele ya kijiji kizima, na kila mwenye masikio atajua ninamsema nani. Ndivyo nilivyopanga, na nilifanya mazoezi mbele ya mbuzi.

Mama sikumwambia. Naye, nilikuja kujua jana, alikuwa na lake ambalo hakuniambia.

Jana asubuhi tulikwenda msibani. Mama alibeba ungo wa unga kichwani na alikuwa amevaa khanga zake mpya, jambo lililonishangaza kidogo. Wanaume walikuwa wamefika kina cha kiuno katika kuchimba. Niliwaamkia wazee, "Shikamooni," wakaitika, kisha nikavua viatu vyangu vya ngozi, nikavipanga pembeni, nikarukia shimoni na kuketi.

Shangwe ikalipuka.

"Mtani huyo! Mtani kaingia!"

"Toka humo, Nkwabi! Hilo si lako. Lako tutalichimba kwa kijiko!"

"Mwacheni, amesoma sana. Chuoni walimfundisha kuingia, kutoka bado hawajafika."

Kijana mmoja aliyerudi majuzi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita aliinama ukingoni na kuuliza kama nimeona mwamba wenye rangi, ili tugawane. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikainua mkono, nikasema mtani hatoki mpaka asimulie.

Nikasimulia. Nikaeleza jinsi Mtemi Nzala alivyopiga marufuku makaburi, na jinsi wafu wa nchi ile walivyokosa pa kulala, wakaja barazani kwake mmoja mmoja na kuketi. Hawakumdhuru. Waliketi tu na kumtazama akila. Nikaeleza jinsi mwanamke mmoja alivyochimba kwa kucha zake, na jinsi Nzala mwenyewe alipokufa ardhi ilivyomkataa: kila jembe lililoinuliwa kwa ajili yake lilipinda kama jani la mgomba, mpaka watumishi wake wakachoka, wakamwacha juani, na nzi wakawa ndio waombolezaji wake. Maganga alikuwa amesimama juu ya kichwa changu, ukingoni. Maneno yote nilimwelekezea yeye. Sauti yangu ilikuwa thabiti. Nakiri kwamba hata wakati ule, nikiwa nimejaa hasira, sehemu fulani yangu ilikuwa ikisikiliza jinsi sentensi zinavyotua.

Wakaangua kicheko.

Walicheka wanaume wenye majembe, wakacheka wanawake kule kwenye vyungu. Mwanamke mmoja alijipiga mapaja akilia, "Nzi ndio waombolezaji! Ee, mtani ana mdomo huyu!" Mwingine akapaza sauti, "Mlipeni atoke, jua linapanda, bibi atachelewa safari!" Niliwatazama usoni mmoja mmoja, nikitafuta hata mmoja aliyeshtuka. Walikuwa wanafurahi kweli. Niliwaletea kisu, nao wakakipokea kama ngoma.

Maganga ndiye aliyecheka kuliko wote. Alijifuta machozi kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Mtani, umenipiga," alisema. "Umenipiga mpaka kwenye mfupa. Leteni kuku."

Kuku akaletwa, tetea mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Maganga akachutama ukingoni na kuninyoshea. Kelele zikapungua.

"Haya, mtani. Tumemalizana?"

Watu kumi, ishirini wakadakia, "Mmemalizana?"

Hapo ndipo nilipokosea, nami sina wa kumsingizia. Ningeweza kunyamaza, au kusema hapana. Lakini walikuwa wanapiga makofi, nyuso zote zimeinuka kama za wasikilizaji niliowaota miaka mitatu, na mtu mmoja alikuwa anasema, "Huyu ndiye msomi wetu." Nikampokea kuku. Nikamwinua juu kama mtu aliyejishindia ng'ombe kwenye mashindano ya ngoma.

"Tumemalizana!" nikasema.

Nikatoka shimoni, nikapangusa suruali.

Tulimzika bibi. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Maganga alisimama kufanya lile linalofanywa na kila mkuu wa msiba. Aliuliza kama kuna mtu aliyekuwa anamdai marehemu, au ana neno na nyumba ile, alitamke kabla watu hawajatawanyika. Swali hilo huulizwa kila msibani, na kwa kawaida watu hutazama chini, mtu anataja debe la karanga, mambo yanakwisha. Lakini si swali la mchezo. Anayeuliza yuko juu ya kaburi la mtu wake. Atakachoulizwa lazima akijibu, na huku kwetu hajapata kutokea mtu akadanganya mahali pale.

Mama akasimama.

Nilimwona akijifunga khanga vizuri kiunoni, akipiga hatua mbele ya wanawake wenzake, na ndipo nikaelewa. Nikaelewa khanga mpya. Nikaelewa kwa nini miaka yote hii alimwamkia Maganga njiani bila kusita, na kwa nini hakuwahi kupeleka shauri popote. Alikuwa anangojea msiba utokee katika nyumba ile, ili yule mtu alazimike kuuliza swali lile kwa mdomo wake mwenyewe. Na akiisha kuuliza, yeye naye angemuuliza: mume wangu alichimbiwa na nani, na kwa nini? Hayo tu.

"Nina neno," mama alisema.

Kabla hajaongeza, mtu mmoja kutoka kundi la wachimbaji alisema kwa uchangamfu, "Mama Nkwabi, mwanao ameshalipwa!" Kicheko kikapita tena, kicheko chepesi cha watu walioshinda juani na wanaotaka kwenda kula.

Maganga hakucheka mara hii. Alimtazama mama, kisha akanitazama mimi na kuku wangu kwapani. Na nilivyomwona machoni, alikuwa anajua. Alikuwa ameijua hadithi yangu tangu neno la kwanza, na aliponinyoshea kuku alijua ananunua nini.

"Mama Nkwabi," alisema kwa upole, "kijana amesema tumemalizana. Amesemea ndani ya kaburi, na sote tumesikia."

Mama alisimama kidogo. Upepo ulikuwa unapeperusha ncha ya khanga yake. Kisha akarudi, akaketi.

Sijui nielezeje alivyoketi. Nina shahada ya fasihi, na sijui.

Njiani kurudi alitangulia. Nilimfuata. Nilisema, "Mayu, mbona hukuniambia?" Akaendelea kutembea. Tulipovuka kijito nikarudia, naye akajibu bila kugeuka:

"Ningekuambia, ungeandika."

Basi. Hayo ndiyo yote niliyoyapata jana kutoka kwa mama yangu.

Leo nimeshinda nikifikiri, kwa kuwa kufikiri ndiko kazi niliyosomeshwa. Hadithi nyingi za giza, zangu zikiwamo, husimama juu ya imani moja: kwamba mwovu anaogopa ukweli. Anawafunga wasimulizi, anachoma magombo, anakata ndimi, kwa sababu neno la kweli likitamkwa mbele ya watu kiti chake kitaanguka. Nimelitamka. Hakuna ulimi uliokatwa. Nilipewa kuku. Mwovu mwenye akili hahitaji kukuziba mdomo iwapo anajua jina la mchezo ambamo utasemea. Anakuacha umalize, anasifu kipaji chako, kisha anakulipa, na malipo ndiyo yanayokunyamazisha.

Na hao waliocheka je? Hili limeniuma zaidi ya Maganga. Miaka yote nimekuwa nikimbebesha mtu mmoja. Katika riwaya yangu wananchi wa Nzala ni kundi la wanyonge wanaolia gizani wakingojea shujaa. Lakini baba alipofariki Maganga hakuwa na mikono mia. Yule aliyesema lako tutalichimba kwa kijiko, kwake ni karibu, angeweza kusikia jembe la mama likigonga mawe. Yule mwanamke wa nzi alikuwa akichota maji kisimani mama akipita na mtungi mtupu kuelekea mtoni. Waliijua hadithi yangu. Walicheka si kwa sababu hawakuelewa. Walicheka kwa sababu waliona mlango wa kutokea, nao mlango huo niliufungua mimi.

Ndipo nikaelewa kwa nini vifo vyote nilivyomtungia Mtemi Nzala havikunishibisha.

Kifo cha mwovu ni kuku.

Ndicho kitu ambacho mtunzi humnyoshea msomaji mwishoni akimuuliza, tumemalizana? Upanga unashuka, jua linatoka pangoni, na wananchi waliobeba maiti za jirani zao kilimani kwa mikono yao wanacheza ngoma, wanarudi nyumbani wakiwa safi. Mmoja amekufa, wengine wote wamesafika. Msomaji naye anafunga kitabu akiwa safi. Nilikuwa naita hiyo haki. Sasa naona ni malipo ya kufunga mdomo, na nilikuwa najiandaa kuyatoa kwa kurasa mia nne.

Kwa hiyo Nzala hatakufa. Nimekata shauri hilo leo mchana, na nimechana rasimu zote saba za mauti yake. Ataishi hadi mwisho wa kitabu na kupita mwisho huo. Ataamka kila siku miongoni mwa watu waliomtii, wakimtazama naye akiwatazama, na wafu wataendelea kuketi pale barazani. Mchapishaji atasema kitabu hakina mwisho. Aseme.

Je, huku ni kumsamehe? Nimejichunguza, na jibu ni hapana. Sijawahi kumtakia mtu jambo gumu kuliko hilo.

Adhuhuri mama alitoka jikoni na kusimama mlangoni kwangu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, au si kwa moshi.

"Yule kuku umemchinja?" aliuliza.

"Bado, mayu."

"Umemla bawa, umemla paja?"

"Nimesema bado."

"Basi hujalipwa." Akaketi juu ya kinu kilicholazwa pale ukumbini. "Anayelipwa anakula. Keshokutwa wanaondoa tanga. Maganga atasimama tena kugawa majembe na nguo za mama yake, na atauliza tena kama kuna mwenye neno. Ni desturi, hawezi kuliruka."

Nikamwelewa mara moja. Mtani hamrudishii mtani alichopewa msibani. Ukimrudishia umesema kwamba lile halikuwa utani, kwamba ulimaanisha kila tusi, na kuanzia hapo nyinyi ni maadui kama maadui wengine, watoto wenu na wajukuu wenu. Na Maganga bado ndiye mkuu wa walinzi. Nyumba iliyomvunjia heshima mkuu msibani inaweza kutengwa tena. Mimi nitapangiwa kituo cha kazi na kuondoka zangu. Mama atabaki hapa, na kisima ni kilekile.

Nilimwambia hayo yote kwa mpangilio mzuri, hoja kwa hoja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Mtoni njia naijua," alisema.

Nikamwambia basi nitamrudishia mimi, nami ndiye nitakayesema, safari hii bila Nzala wala dubwana, maneno makavu tu. Tayari nilikuwa nimeanza kuyapanga kichwani. Nadhani aliniona nikiyapanga, kwa sababu alicheka kidogo, kicheko chake cha kwanza tangu jana, na hakikuwa cha huruma.

"Nkwabi, baba. Wewe umeshasema, wakakupigia makofi. Keshokutwa unambeba kuku, unamweka miguuni pake, unafunga mdomo. Mimi ndiye nina neno."

Aliinuka akaenda kutwanga. Nimemsikia alasiri yote akitwanga, na mpigo wa mchi wake haukubadilika.

Naogopa. Sijui kama Maganga atajibu. Sijui kama watu watacheka tena, na wakicheka mara ya pili sijui kama nitaweza kunyamaza kama nilivyoagizwa. Je, ninamtaka akiri kwa ajili ya baba, au nataka kuuona tu uso wake wakati mama anauliza? Nimejiuliza mara nyingi leo. Kwa kweli, ni uso wake ninaoutaka. Nauona tayari, na unanipa raha ambayo sidhani kama ni ya mtu mwema. Haki ya mama ni yake. Hii yangu ni kisasi, na sitakiita jina jingine kwa sababu tu nimesoma.

Jua limeanza kushuka na vumbi linatulia. Nimetoka nje, nimemlegeza kuku kamba miguuni, maana ilikuwa imeanza kumkata. Nimemwekea maji kwenye kigae na pumba za mtama, nimemfunika kwa tenga na kuweka jiwe juu. Alikuwa ameinamisha kichwa kwa joto. Nimekaa pale nikimtazama mpaka alipokunywa.

Lazima afike akiwa hai.